Shangazi Aliniuliza Kama Nimetupa Vigae

Kilitoa mlio mmoja tu: tak.

Wala haukuwa mlio wa kishindo. Ulikuwa kama mtu anayevunja njiti ya kiberiti chumba cha pili. Nilikuwa nimelipa jiko mgongo, nakata vitunguu, nikadhani kifuniko kimecheza. Kisha gesi ikaanza kukoroma, ule mkoromo wa moto unaomwagiwa maji, na nilipogeuka mchuzi wa maharage ulikuwa unatambaa taratibu juu ya jiko, unapita kwenye vitufe, unadondokea ndara zangu.

Chungu chenyewe kilikuwa bado kimesimama, kama kuku aliyechinjwa ambaye hajapata habari. Nilipokigusa kwa mwiko, kikafunguka. Vipande vinane vikubwa, na vidogo ambavyo sikuvihesabu.

Kilikuwa chungu cha Shangazi.

Alinipa nilipopanga nyumba ya kwanza Kampala. Alikipakata mwenyewe kutoka Hoima, kilomita kama 200 za basi, kimefungwa leso, akagombana na kondakta aliyetaka kukitupia kwenye buti. Kabla ya hapo alikuwa amekipikia maharage kwa miaka inayozidi umri wangu. Chini kilikuwa cheusi tii kwa masizi, shingoni chekundu, na ndani kilikuwa na mng'ao wa mafuta ambao hakuna aliyewahi kuuosha kwa sabuni.

Kosa nalijua. Maharage yalikuwa yamekaukiwa na mimi nina haraka. Nikafungua bomba, nikakinga kikombe cha maji baridi, nikamimina ndani ya chungu kilichokuwa kimekaa saa mbili juu ya duara moja dogo la moto wa gesi.

Tak.

Sufuria ya asiye na sufuria

Nilikusanya vigae kwenye kavera, mfuko wa plastiki, nikavisukuma chini ya sinki. Maharage yaliyosalia nikayamalizia kwenye sufuria. Yakaiva, tukala, hakuna aliyelalamika.

Hapo ndipo kero ilipoanzia. Hakuna aliyelalamika.

Kwa wiki tatu, kila nilipoinama kutafuta sabuni nililiona lile kavera, na kila nilipoliona swali lilirudi: je, chungu ni sufuria ya mtu ambaye hakuwa na sufuria? Kwenye maonyesho ya utamaduni tunakiweka mbele. Hotelini kinapandwa maua. Kwenye arusi za kitamaduni kinapita kichwani mwa binti mmoja aliyefundishwa jana jinsi ya kukibeba juu ya ngata. Lakini jikoni? Kitu kilichopikia watu kwa maelfu ya miaka kinauawa na kikombe cha maji ya bomba. Nikaanza kushuku kwamba heshima tunayokipa ni ile heshima ya msibani, maneno matamu tunayomwagia mtu kwa sababu tuna hakika harudi.

Na kulikuwa na aibu yangu mwenyewe. Shangazi sikumwambia.

Wiki ya nne nikapiga simu. Nilieleza yote, hata habari ya bomba. Upande wa pili kimya. Nikajiandaa kwa karipio.

"Abwoli," akasema. Alipoanza na mpaako, lile jina la heshima na mapenzi la Wanyoro, nikajua hajakasirika. Akikasirika huniita kwa jina la shule. "Vigae umetupa?"

"Hapana, Shangazi. Viko kwenye kavera."

"Vyote?"

"Vikubwa vyote."

"Basi vilete."

Simu ikakatika. Salio la Shangazi huwa la dakika moja.

Bondeni

Mfinyanzi anakaa upande wa pili wa bonde, mwendo wa nusu saa kutoka kwa Shangazi, pale mafunjo yanapoishia na migomba inapoanza. Aliniuliza mpaako kabla hajaniuliza shida, akanisalimu nao, kisha akanyoosha mkono kupokea kavera kama mtu anayepokea nyama kutoka buchani.

Akavimwaga vigae juu ya gunia. Akachukua kimoja kimoja. Alikigonga kwa kifundo cha kidole, akakiinua sikioni, akakikwaruza kwa ukucha pale kilipovunjikia, akatazama rangi ya ndani. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, lakini hakuna aliyeyahitaji. Watu wawili wazima walikuwa wanafanya kazi na mimi nilikuwa mzigo tu uliokuja na mzigo.

"Vizuri hivi," akamwambia Shangazi. "Vimeshaungua sana."

Akavitia kinuni.

Kusema kweli moyo ulinidunda. Nilidhani vigae vimeletwa ili vigangwe, au labda vikatunzwe. Naye alikuwa anatwanga. Alitwanga chungu cha Shangazi mpaka kikawa changarawe, akatwanga tena mpaka kikawa kama unga wa ulezi uliosagwa vibaya, akauchekecha kwa beseni bovu lililotobolewa kwa msumari, yaliyobaki juu akayarudisha kinuni. Kisha akalikunjua turubai lililofunika udongo.

Udongo wenyewe ulikuwa wa kijivu, umechimbwa kinamasini chini ya ule mweusi wenye mizizi. Ulikuwa umelala siku kadhaa, umekanyagwa kwa miguu, umetolewa mawe na vijiti. Ukiubonyeza unashika alama ya kidole hadi mistari ya ngozi. Nikamwambia mbona ni mzuri hivyo hivyo, wa nini kuuharibu kwa changarawe? Akacheka, akaniambia nikae nifinyange kibakuli cha udongo mtupu, nikiweke juani, nirudi baada ya chai.

Baada ya chai kibakuli changu kilikuwa na ufa kutoka mdomoni hadi kitakoni.

Udongo mtupu ukikauka hunywea. Maji yanapotoka chembe zinasogeleana, upande mmoja unawahi kukauka, mwingine unachelewa, na katika kuvutana huko pembamba panachanika. Ile changarawe ya vigae hainywei, kwa kuwa ilishapita motoni. Inakaa ndani ya udongo kama wazee kikaoni, vijana wanavutana, wao hawasogei. Mchanga nao ungeweza kufanya kazi hiyo, na wafinyanzi wengi huutumia. Ila kigae kina jambo moja la zaidi: ni udongo kwa asili, kwa hiyo motoni kinatanuka kwa kipimo kinachokaribiana na kile cha udongo uliokizunguka. Hawagombani.

Alikanda mpaka udongo ukaacha kung'ang'ania vidole. Kipimo chake kilikuwa hicho tu. Akanipa donge nishike, nikalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, nikasikia zile chembe. Ndizo zilizonikalia kichwani usiku ule. Chungu cha Shangazi bila shaka kilikuwa na chembe za chungu kilichokitangulia, na hicho nacho cha kilichotangulia. Kila ukipika maharage unapikia ndani ya vyungu ambavyo wenyewe hawakumbukwi.

Nilimwambia asubuhi yake kwa hisia kali. Akanitazama kwa huruma.

"Mchanga wa bonde hili ni mbaya," akasema. "Una chokaa."

Kona

Anafinyangia juu ya kitako cha chungu kilichovunjika. Anakilaza chini, anakitia jivu ili udongo usigande, anabonyeza donge ndani yake, na hicho kigae kinazunguka taratibu kwa kusukumwa na kidole cha mguu. Halafu anaviringisha udongo kama nyoka, anamlaza juu ya ukingo, anamwunga kwa dole gumba ndani na kwa vidole nje, nyoka mwingine juu yake. Kuta zinapanda. Anaparura nje kwa kipande cha kibuyu mpaka maungio yasionekane, kwa kuwa ungio lililoonekana leo litakuwa ufa kesho.

Mwisho analainisha kwa kokoto ya mtoni. Hiyo kokoto aliachiwa na mama yake. Niliomba kuishika: upande mmoja mviringo kama yai, upande mwingine umeliwa hadi bapa, na kwenye ubapa huo kuna mng'ao wa kioo. Vyungu vingapi vimeila? Nilimrudishia haraka. Sikutaka iangukie mikononi mwangu, kwa rekodi niliyokuwa nayo.

Nikamwomba kitu kimoja, nikijiona mwerevu. Naishi kwenye gesi. Hawezi kunifanyia chungu chenye kitako bapa, kikae vizuri?

"Kona ndiyo mlango wa ufa," akasema, bila kuinua macho.

Nimelifikiria jibu hilo kuliko maneno yoyote niliyoyasikia safari ile. Chungu cha kupikia ni cha mviringo chini kwa sababu moto hauna pa kukwama. Ndimi zinakilamba pande zote, joto linapanda nacho, ukuta hauna sehemu inayotanuka wakati jirani yake amelala. Ukitia kona, ile kona ndiyo itakayobeba mvutano wote. Mafiga matatu nayo yana maana yake, kwamba kitu cha mviringo kikikalia pointi tatu hakiyumbi, hata sakafu ikiwa mbovu kiasi gani. Unaweza kusema chungu hakijakamilika kiwandani. Nusu yake nyingine ni mafiga, na mimi nilikuwa nimeirithi nusu moja tu.

Shingoni aliviringisha kisuko cha majani, kirefu kama kidole, chini ya kiganja chake. Kikaacha safu za vidoa vilivyolala mshazari, vinafuatana kama nyayo za sisimizi. Nilimuuliza kama ni urembo. Ni urembo, akasema, na pia ni mahali pa kushika mkono ukiwa na mafuta.

Alama za namna hiyo, za kamba au majani yaliyosokotwa, ziko kwenye vigae vya Ntusi kule Sembabule, ambako watu wa ng'ombe na ulezi waliishi tangu karne ya 11 hadi ya 15 wakaacha vilima viwili vya takataka, mifupa na vyungu vilivyovunjika. Kisuko kile cha majani kilinyauka kabla ya jioni. Akakitupia kuku.

Kigae kilichokataliwa

Nimeruka jambo. Katika vile vigae vinane, kimoja hakikuingia kinuni.

Kilikuwa kipande cha tumbo, kikubwa kama kiganja changu. Alikikwaruza, akakinusa, akakitupa pembeni. "Hiki kimelewa mafuta." Alisema mafuta yakiingia kwenye udongo mbichi yatamharibia motoni. Nikakiokota, nikakifunga kwenye leso, nikarudi nacho Kampala bila kujua nakirudishia nini.

Baadaye nikagundua kwamba kigae alichokikataa ndicho wachunguzi wa mambo ya kale wangekipigania. Udongo uliochomwa kwa moto wa wazi una vitundu visivyoonekana kwa macho, na mafuta ya kila mlo yanajificha humo. Yanaweza kukaa humo maelfu ya miaka. Wanasaga kipande kidogo, wanatoa mafuta kwa dawa za maabara, na kwa kupima kaboni yake wanaweza kutenganisha mafuta ya maziwa na mafuta ya nyama. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya vigae vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania, vingine vya miaka takriban 5,000, na ndani yake yalikutwa maziwa, nyama na mimea.

Mfinyanzi anataka kigae kisichokumbuka kitu. Mtafiti anataka kile kinachokumbuka.

Nami nilikuwa na samli ya Shangazi ya miaka thelathini kwenye leso.

Nilifurahi kwa siku mbili

Chungu kipya kilikuwa kinakauka kivulini, na kivuli hakina haraka. Wiki mbili, akasema, au tatu mvua ikizidi. Nilirudi kazini. Jumamosi nikaenda Makumbusho ya Uganda pale Kitante, ambako sijakanyaga tangu ziara ya shule ya msingi, ile ziara ambayo mtu anakumbuka soda tu.

Vyungu vya mtindo wa Urewe vimepewa jina la mahali penyewe, upande wa Nyanza, Kenya, lakini vimefukuliwa kulizunguka Ziwa Victoria lote: kwetu Uganda, Rwanda, Burundi, hadi Kagera. Vya mwanzo ni vya kama miaka 2,500 iliyopita. Midomo imechongwa kwa ukingo, mabega yana mistari iliyokatizana, kazi ya mtu asiyekuwa na papara. Na kitakoni vingi vina kishimo kimoja cha mviringo, kama mtu alibonyeza kidole udongo ukiwa mbichi. Walioviandika kwanza, mwaka 1948, waliviita kwa hicho kishimo.

Nilichuchumaa mpaka mlinzi akanikohoa.

Sasa, watu hao wa Urewe walikuwa pia wafua chuma. Matanuri yao yamefukuliwa Buhaya na Rwanda. Hapo nikaruka kwa furaha: kumbe jibu hili hapa! Watu waliojua kuyeyusha chuma, wakaendelea kupika kwenye udongo. Basi chungu hakikuwa sufuria ya asiye na sufuria. Walikuwa na chuma mkononi wakachagua chungu. Nilimtumia mdogo wangu ujumbe mrefu wa sauti kuhusu hekima ya mababu. Nikauweka hata kwenye stetasi.

Siku mbili baadaye nikaufuta.

Tanuri la zamani lile halikutoa chuma cha kumiminika. Lilitoa bonge lenye matundu, ambalo mhunzi alilipiga na kulichoma tena na tena hadi litoke jembe au mkuki. Huwezi kulimimina kwenye umbo la sufuria. Na jembe moja lilikula mkaa mwingi. Hivyo hawakuchagua chochote kati ya viwili; hapakuwa na viwili. Hoja yangu nzuri ilikuwa na ufa kutoka mdomoni hadi kitakoni.

Isitoshe, vyungu havikungoja chuma, wala havikungoja shamba. Maelfu ya miaka kabla ya Urewe, wavuvi na wawindaji wa kandokando ya ziwa hili walikuwa na vyungu vyao, vile vilivyopewa jina la Kansyore, kisiwa kidogo kilichomo katika Mto Kagera. Kule Mali wamepata vigae vya zaidi ya miaka 11,000, na China, ndani ya pango la Xianrendong, vya miaka kama 20,000. Mtu alihitaji kuchemsha kitu kabla hajahitaji kulima.

Moto wa saa moja

Nilirudi Hoima siku ya kuchoma. Hakuna tanuri. Kuna uwanja uliofagiwa, kuni zilizolazwa, vyungu kumi na viwili vimepinduliwa midomo chini, na juu yake nyasi kavu, nyingi, mpaka umbo la kitu linapotea ukadhani ni kichuguu.

Kwanza alivipasha. Alichoma nyasi kidogo pembeni na kuvisogeza kimoja kimoja vinuse joto, kwa kuwa udongo unaoonekana mkavu bado umebeba maji tumboni, na maji hayo yakigeuka mvuke kwa ghafla hayana adabu. Kisha akawasha upande upepo unakotoka.

Moto wa namna hiyo hufika nyuzi 600 hadi 900 hivi za Selsiasi, kutegemea kuni, upepo na bahati. Ukilinganisha na tanuri la kiwanda ni moto mdogo, na mimi nilikuwa nimeshajiandaa kuuhurumia. Lakini udongo uliochomwa moto mkali sana hukaza, unakuwa mgumu kama kioo, na kioo ukikiinjika kwenye mafiga utajua mwenyewe. Chungu cha moto mdogo kinabaki na vitundu, na changarawe, na nyufa ndogo zisizoonekana. Ufa mkubwa ukianza safari, unakutana na chembe ya kigae, unazubaa. Unaingia kwenye kitundu, unapoteza makali. Kila jambo nililoliona bondeni, kinu, kibuyu, kokoto, kona iliyokataliwa, lilikuwa mazungumzo na ufa ambao haujatokea.

Chungu ni kitu kilichotengenezwa na mtu anayejua kwamba kitavunjika.

Mle ndani ya moto kukasikika: tuf. Akanyanyua kidole kimoja. Baadaye kidogo, tuf nyingine. Kidole cha pili.

Nikamwambia, mama, hii ni sayansi kubwa. Akasema sayansi haijui. "Ninachojua ni vinavyopasuka. Vinavyopona havinifundishi kitu."

Moto uliposinzia akavitoa kwa mti mrefu, vingine akavifunika majani mabichi vikiwa vyekundu, vikavuta moshi vikawa vyeusi. Changu akakinyunyizia maji ya magome yaliyochemshwa. Kikafoka mvuke, kikanyamaza. Alikigonga kwa kifundo cha kidole, kikalia kama kengele ndogo.

Kisha akatukaribisha chai. Aliipika kwenye sufuria ya alumini iliyobonyea, na posho ya watoto, yaani ugali, ilikuwa kwenye sufuria nyingine. Wazee walisema mfinyanzi hulia gaeni. Huyu halii hata gaeni. Nilipomtazama alijua nawaza nini.

"Kuni," akasema. "Na watoto wanaenda shule saa kumi na mbili."

Kibiro

Kesho yake Shangazi alitaka chumvi, na chumvi kwake ni ya Kibiro.

Ukitoka Kigorobya unafika ukingo wa bonde la ufa, ziwa Albert limelala chini kama bati, halafu unashuka kwa magoti. Kijiji kiko kati ya ukuta wa mwamba na maji. Kulima hakulimiki. Kuna chemchemi za moto, na ardhi inayotoa chumvi, na vipande vya ardhi hiyo ni mali ya wanawake. Mama humwachia binti. Wanatandaza udongo mkavu juani, udongo unanyonya maji ya chumvi kutoka chini, wanaukwangua, wanauchuja kwa maji, na yale maji makali wanayachemsha hadi ibaki chumvi nyeupe. Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta zama zile, alifika hapo miaka ya 1880, na ilikuwa kazi ya zamani hata wakati huo. Mwanaakiolojia Graham Connah alipochimba mwaka 1989 na 1990 alikuta tabaka zinazofika mita kama nne, historia ya zaidi ya miaka 700, na ndani yake vigae juu ya vigae.

Havihitaji kuchimbuliwa. Kwenye kingo za njia, mvua ilikokata, vimechomoza kama karanga kwenye kashata. Unatembea vinalia chini ya viatu. Kimoja kilikuwa na vidoa vya mshazari shingoni, nyayo zile zile za sisimizi. Nilikirudisha pale pale.

Maji ya chumvi huua chungu haraka. Chumvi inaingia kwenye vile vitundu, inaganda humo, inasukuma, ukuta unabanduka magamba. Wanawake wa hapa lazima walivunja vyungu kama wengine tunavyomaliza betri.

Leo wanachemshia kwenye vyombo vya bati. Niliyemkuta jikoni, macho mekundu kwa moshi, nilimuuliza kama anakumbuka vyungu. Alikumbuka vya bibi yake. Na anavitamani? Aliniangalia kuona kama namtania. Alisema bati likitoboka linazibwa, na halihitaji kushushwa ule mlima kichwani.

Sina jibu la kumpa mama huyo, wala halihitaji. Ningesimama pale kwenye mita nne za vyungu vilivyokufa kazini nimwambie nini? Mtu anayevunja chombo kila mara hakioni kwa macho ya mtu aliyevunja kimoja. Kwa chumvi, bati limeshinda kwa haki. Kwa maharage mimi bado nabisha, kwa kuwa chungu hushika joto hata kuni zikizimika, na maharage hayataki haraka, yanataka kusahauliwa. Ila nabisha nikiwa na gesi, na maji ya bomba, na Jumamosi nzima.

Wakati wa kupanda Shangazi alisimama mara tano. Mara ya tatu aliniuliza neno la Kiswahili la omubumbi. Nikamwambia mfinyanzi. Akashangaa, halifanani hata kidogo. Nikamwambia lipo jingine, liko karibu zaidi, ila tumempa Mungu peke yake: Muumba. Kuumba na kubumba ni neno moja, ile b imetupotea njiani kuelekea pwani. Na enyungu yake ni nyungu yetu.

"Kwa hiyo nyinyi mnamwita Mungu mfinyanzi," akasema.

"Ndiyo, Shangazi."

Akatafakari hadi kituo cha nne. "Na yeye sijui hupoteza vingapi motoni."

Jasho

Nilirudi na chungu mapajani. Kondakta alipotaka kukiweka kwenye buti tuligombana.

Maagizo yalikuwa haya: kisiguse gesi. Sigiri, makaa machache, yaongezwe polepole. Siku ya kwanza kisipikiwe chakula, kichemshiwe maganda ya matoke na maji hadi jioni, ili utomvu uzibe vitundu. Maji ya kuongeza yawe ya moto, daima. Alirudia hilo la mwisho mara mbili.

Nilikiinjika Jumapili kwenye baraza. Kama baada ya nusu saa niliona kitone cha maji nje ya ukuta, chini kidogo ya shingo. Kisha kingine. Kisha tumbo lote likawa limeota matone madogo, yanakua, yanakutana, yanateremka, yanalia kwenye makaa. Nilikitafuta kile kipande kilichokataliwa, ambacho sasa nakifunikia mkaa, nikakishika tu, sijui kwa nini. Nikapiga simu.

"Shangazi, kinavuja."

"Kina ufa?"

Nikapitisha mkono, nikachungulia, nikageuza kichwa. "Sioni."

"Maji yanatoka mahali pamoja au kote?"

"Kote."

"Basi hakivuji. Kinatoka jasho. Kaa mbali nacho, Abwoli, na usimimine ki—"

Salio likaisha.